Ukiona Vyaelea: Gitaa la Mjapani na Gitaa la Mmarekani

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilizaliwa pwani, miongoni mwa watu waliolijua jahazi na kumheshimu fundi wake, lakini imepanda hadi kwetu Machakos ambako hakuna bahari wala jahazi. Nimeichagua iniongoze katika makala haya kwa sababu inalielekeza jicho mahali ambapo sisi wanunuzi wa leo hatupendi kutazama. Methali haisemi kwamba vyaelea kwa kuwa vimetoka Lamu, wala kwa kuwa vimetoka Sur. Yasema vimeundwa. Sifa amepewa fundi, bandari haikutajwa.

Hebu, msomaji mpendwa, tujisikilize tunavyozungumza sokoni. Katika Kiswahili chetu cha Kenya jina la nchi limegeuka kuwa kivumishi cha ubora. Muuza vipuri anapokwambia, "Hii ni Japani," hakufundishi jiografia. Anakuahidi kwamba kifaa hicho kitadumu. Anaposema, "Hii ni ya Amerika," anakuandaa kwa bei. Mwaka 2018 jamaa yetu ililazimika kuupima usemi huu juu ya meza, kwa rula ya chuma na mizani ya dukani. Tulikuwa na magitaa mawili ya umeme, moja lililoundwa Marekani na jingine lililoundwa Japani, na moja kati ya hayo lilitakiwa kuuzwa ili karo yangu ya mwaka wa pili chuoni ilipwe.

Asiyeifahamu Ukambani huenda akashangaa kwamba gitaa laweza kuhesabiwa pamoja na mali ya nyumba kama ng'ombe au shamba. Tangu miaka ya 1970 eneo hili limetoa bendi za benga ambazo nyimbo zao hazijafifia hadi leo: Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987 angali kijana, Kalambya Boys, Ngoleni Brothers, na Peter Mwambi na Kyanganga Boys wake. Katika benga ya Kikamba gitaa halikai nyuma ya mwimbaji kama mtumishi. Mwimbaji anaponyamaza, gitaa la solo huchukua nafasi na kusema, la ridhimu likaitikia, nalo besi likawashikilia wote wasipotee njia. Chombo kikienda kombo katika sehemu hiyo hakuna sauti ya mtu ya kukisetiri.

Mjomba wangu alikuwa mpigaji wa gitaa la pili katika bendi ambayo haikupata jina. Mchana alikuwa seremala, na kwa asili anatoka katika jamaa ya wachongaji wa Wamunyu. Gitaa la Marekani alilinunua mwaka 1979 kwa mwanamuziki wa Nairobi aliyekuwa akiiacha kazi hiyo. Lile la Japani alilipata Mombasa mwaka 1986, mkononi mwa baharia aliyekuwa na haja ya fedha. Majina ya kampuni zilizoyaunda nitayafunika, kwa maana gitaa moja haliwezi kutoa ushahidi dhidi ya kiwanda kizima. Ilipofika mwaka 2018 yabisi ya viungo ilikuwa imeshavikaza vidole vyake, naye alikuwa amemwachia magitaa yote mawili binti yake, binamu yangu, ambaye hupiga katika harusi na hafla za kuchangisha fedha kuanzia Kangundo hadi Masii. Hiyo ndiyo riziki yake.

Mnunuzi alitoka Nairobi. Kwa gitaa la Marekani alikuwa tayari kutoa shilingi 95,000. Kwa lile la Japani, 30,000. Karo yangu pamoja na malimbikizo ilikuwa 72,000. Hesabu hiyo ni nyepesi hata kwa mwanafunzi wa fasihi. Hata hivyo, ilibeba uzito ambao tarakimu hazionyeshi. Kama gitaa la bei ya juu ndilo pia lililoundwa vyema zaidi, basi kuliuza kungekuwa kunisomesha mimi kwa kumnyang'anya binamu yangu chombo chake cha kazi. Mkaza mjomba alilisema wazi mbele yetu sote: "Hatutamtoa mtoto mmoja shimoni kwa kumtumbukiza mwingine." Kwa hiyo swali la ubora halikuwa la udadisi.

Kabla sijasimulia tulivyoyapima, niseme neno juu ya msamiati, kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili. Gitaa limepewa majina ya viungo vya mwanadamu: lina kichwa, lina shingo, lina mwili. Mjomba huviita vigingi vya kukazia nyuzi "masikio", kwa sababu, asema, gitaa lisilosikia haliwezi kuimba. Vile vijichuma vilivyopangwa kwa kukingama shingoni ni freti. Chini ya nyuzi hukaa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, ambazo hugeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme. Wanamuziki huziita pikapu. Mimi nitaziita sumaku, msomaji asije akadhani nazungumzia gari.

Mjomba alianza na shingo. Alilishika kila gitaa kama Mkamba wa zamani anayekagua mshale, jicho moja limefumbwa, akatazama kutoka kichwani hadi mwilini. Kisha akalaza rula ya chuma juu ya freti. Kwenye gitaa la Japani rula ilitulia kimya. Kwenye lile la Marekani ilicheza kidogo karibu na mwili. Hapo akanizuia nisikurupuke kutoa hukumu. "Hili lina miaka 39 mikononi mwetu na hilo lina 32," alisema. "Usilinganishe mzee na kijana halafu ukasema mzee alizaliwa kilema."

Akaendelea na viungo. Mahali shingo inapokutana na mwili, katika gitaa la Japani, karatasi haikupenya. Matundu ya skrubu yalikuwa yametobolewa wima, na hata ndani, chini ya kifuniko ambacho mnunuzi hakifungui, mbao zilikuwa zimelainishwa. Katika lile la Marekani kazi ya ndani ilikuwa ya haraka zaidi, alama za patasi zikionekana, ingawa kiungo chenyewe kilikuwa kimekaza barabara. Kwenye mizani la Marekani lilikuwa na kilo 4.3, la Japani kilo 3.6. Kwa harusi inayokesha hadi alfajiri, gramu 700 begani si jambo dogo.

Vanishi nayo ilieleza habari zake. Machakos iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Julai usiku huwa na baridi kali, na Februari jua la adhuhuri huunguza. Gitaa la Marekani lilipakwa vanishi nyembamba ya selulosi, nayo ilikuwa imefanya nyufa nyembamba kote kama tope lililokauka kandokando ya bwawa. La Japani lilivikwa poliesta nene mfano wa kioo, isiyo na ufa hata mmoja, ila mahali lilipowahi kugongwa kipande kizima kilikuwa kimebanduka. Wapo wanaopenda ile nyembamba wakisema inaiachia mbao nafasi ya kuvuma. Mjomba hakubishana na yeyote. Alisema tu kwamba moja huzeeka kama uso na jingine kama sahani.

Halafu kulikuwa na jambo ambalo katika vitabu vya sifa za magitaa huenda usilione, ilhali kwetu ni kubwa. Skrubu na vipimo vya gitaa la Marekani vimehesabiwa kwa inchi. Vya lile la Japani kwa milimita. Ndani ya shingo za magitaa ya aina hii hufichwa fimbo ya chuma inayozuia shingo isipindwe na nguvu za nyuzi, na mbao zikinywea kiangazi sharti fimbo hiyo irekebishwe kidogo. Funguo za milimita zimejaa katika kila gereji ya mji wetu, kwa kuwa matatu na pikipiki zetu zimeundwa kwa milimita. Ufunguo wa inchi mjomba alikuwa nao mmoja tu, akautunza kama hirizi. Chombo kinachoweza kutengenezwa na fundi aliye karibu kina ubora ambao haumo katika kile kinachomngojea fundi aliye ng'ambo.

Lakini walipounganishwa na umeme, mambo yaligeuka. Vifundo vya sauti vya gitaa la Japani vilikwaruza kila vilipozungushwa. Vilikuwa vidogo, na nyaya zake nyembamba. Vya lile la Marekani vilikuwa vikubwa, vizito, vikizunguka bila kelele baada ya miongo minne. Na sumaku zake, binamu yangu alipopiga, zilitoa sauti pana iliyojaa chumba hata kwa kugusa kidogo. Mjomba alifumba macho. Hatukumuuliza alikuwa wapi wakati huo.

Tulichokiona mezani kinaafikiana na historia pana ya ala hii, na historia hiyo inawatia aibu wote wanaodhani ubora una pasipoti. Upande wa Marekani tuanze na Leo Fender, aliyekuwa fundi wa redio mwenye duka lake mjini Fullerton, California, tangu mwaka 1938. Hakujua kupiga gitaa. Alilitazama kwa jicho la mtu anayeletewa vitu vilivyoharibika, na kwa sababu hiyo gitaa lililojulikana tangu mwaka 1951 kwa jina la Telecaster, na Stratocaster iliyofuata mwaka 1954, yalikuwa na shingo iliyofungwa kwa skrubu nne: ikichakaa, ifungue uweke nyingine. Januari 1965 kampuni yake iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Uzalishaji uliongezwa, na kufikia miaka ya 1970 wapigaji wengi walikuwa wakilalamikia uzito, rangi nene na viungo vilivyolegea. Mpinzani wake mkubwa, Gibson, ambaye alikuwa akiziunganisha shingo kwa gundi katika mji wa Kalamazoo, Michigan, naye aliingia mikononi mwa wamiliki wapya mwaka 1969, na kiwanda hicho cha asili kikafungwa mwaka 1984. Nchi ilikuwa ile ile, miti ile ile, na baadhi ya wafanyakazi wale wale. Kilichopungua ni subira ya mwenye kiwanda.

Upande wa Japani nako hadithi yaanza kwa fundi wa kutengeneza vilivyoharibika. Mwaka 1887 Torakusu Yamaha, aliyekuwa akirekebisha vifaa vya hospitali, aliitwa atengeneze kinanda cha shule ya msingi mjini Hamamatsu. Baada ya kukitengeneza aliunda chake mwenyewe, akakibeba na mwenzake kuvuka milima hadi Tokyo ili kipimwe na wataalamu. Waliambiwa kwamba umbo ni zuri lakini sauti hazikupatana. Yamaha alikaa huko akasoma elimu ya muziki, kisha akarudi kuunda cha pili, nacho kikakubaliwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Mmarekani W. Edwards Deming alikwenda Japani mwaka 1950 kuwafundisha wahandisi jinsi ya kusimamia ubora katika kila hatua ya kazi badala ya kungoja kukagua mwishoni. Kumbe hata sifa tunayoiita ya Kijapani ina mwalimu wa Kimarekani.

Hata hivyo sifa hiyo haikuja kwa siku moja. Magitaa mengi ya bei nafuu yaliyotoka Japani miaka ya 1960 yalikuwa na shingo nene na nyuzi zilizokaa juu mno. Baadaye viwanda kama FujiGen, kilichoanzishwa mwaka 1960 mjini Matsumoto, vilijifunza kwa kuiga. Viliiga magitaa ya Kimarekani kwa uangalifu mkubwa hata mwaka 1977 wamiliki wa Gibson wakaenda mahakamani kulishtaki kampuni lililokuwa likisambaza magitaa ya Ibanez nchini Marekani, kisa umbo la kichwa cha gitaa. Wakati huo wanafunzi walikuwa wameshaanza kusema kwa sauti yao wenyewe: Yamaha ilikuwa imetoa SG2000 mwaka 1976, gitaa ambalo shingo yake imepenya mwili mzima hadi mkiani. Mwaka 1982 Fender wenyewe waliingia ubia huko Japani, na FujiGen wakaaminiwa kuyaunda magitaa yenye jina la Fender. Fender iliponunuliwa na wafanyakazi wake mwaka 1985, kiwanda cha Fullerton hakikuwamo katika mauzo, na kwa muda mikono ya Wajapani ndiyo iliyolibeba jina la Kimarekani hadi kiwanda kipya cha Corona, California, kiliposimama.

Kwa hiyo kivumishi "Japani" kilikuwa na maana ya urahisi mwaka 1962, na maana ya uimara mwaka 1982. Miaka 20 ilitosha kukipindua. Wanaisimu miongoni mwetu wanajua kwamba maana ya neno hubadilika. Hapa tunaiona ikibadilishwa na patasi.

Mjomba alipoyasikia haya kwangu hakushangaa. Alinikumbusha Wamunyu. Mutisya Munge, aliyeueneza uchongaji huko baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliupata ufundi huo Tanganyika kwa kuwatazama Wazaramo. Naye alianza kwa kuiga. Waliomfuata walichonga mpingo na muhugu, na hivi leo mwarobaini pia, na vinyago vyao vikavuka bahari. Mpingo, nikaongeza mimi, ni wa ukoo mmoja na mti unaotumika sana kutandika shingo za magitaa. Wataalamu wa mimea huuita ukoo huo Dalbergia. Mjomba alitikisa kichwa. "Mti hauna shida," alisema. "Shida ni mwenye haraka. Mbao mbichi ukiichonga leo, itapasuka ikifika nyumba ya Mzungu. Wapo wanaoujaza ufa kwa nta na unga wa mbao, wakapaka kiwi, wakauza. Mnunuzi haoni. Lakini aliyechonga anajua."

Baada ya siku mbili uamuzi ulipatikana, na binamu yangu ndiye aliyeutoa. "Lile la Marekani lina sauti," alisema, "lakini mimi sipigi peke yangu sebuleni. Napigia watu usiku kucha, narudi kwa pikipiki, kesho yake napiga tena. Niachieni linalonitii. Vifundo nitabadilisha." Mjomba alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniagiza nimpigie mnunuzi simu.

Mnunuzi alifika Jumamosi na fedha taslimu mfukoni. Alilitazama gitaa la Marekani, akalisifu, akaanza kuhesabu. Ndipo mjomba aliposema, bila kuulizwa, kwamba freti ziliwahi kubadilishwa, na kwamba yale masikio sita ya kichwani hayakuwa ya asili. Yaliyokuja na gitaa yalichakaa, naye mwaka 1991 akafunga mengine, yaliyoundwa Japani. Mnunuzi aliacha kuhesabu. Alisema alitaka Mmarekani halisi, na kwamba kwa hali hiyo hangeweza kupita 80,000. Niliuona uso wa mkaza mjomba ukikunjamana. Kwa sentensi moja mumewe alikuwa amepoteza shilingi 15,000, na hakuna mtu chumbani humo ambaye angegundua.

Jioni nilimuuliza kwa nini. "Mpwa wangu," alinijibu, "tumekaa siku mbili tukifungua vifuniko kuona nani alilainisha mbao mahali pasipoonekana. Ulitaka nami nipake kiwi?"

Kwa kutamatisha, nisingependa msomaji aondoke akidhani nimetoa tuzo kwa Japani. Gitaa lililobaki kwetu limeundwa kwa mkono makini, lakini shingo yake inayofunguka ilienezwa na fundi redio wa Fullerton. Lililoondoka lilikuwa na sauti ambayo hatutaipata tena, na muda mrefu lilikaa katika tuni kwa msaada wa masikio ya Kijapani. Nchi zote mbili zimewahi kutoa kazi njema, na zote mbili zimewahi kutoa kazi ya kulipua. Mwenye kutaka kujua kipi ni kipi hana budi kufungua kifuniko.

Karo yangu ililipwa wiki iliyofuata. Shilingi 8,000 zilizobaki alipewa binamu yangu. Alizipeleka kwa fundi redio aliye karibu na stendi ya mabasi, akafungiwa vifundo vikubwa na nyaya nene. Mjomba alilijaribu gitaa hilo kwa vidole vyake vilivyokaza, akapandisha sauti, akaishusha, akaipandisha tena. Halikukwaruza.